Mahindi na maharage ya msaada kutoka Mbeya hadi Kalemie: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa afisa manunuzi au mtu wa ghala aliyeko Mbeya, Makambako, Iringa au Sumbawanga, ambaye ameambiwa anunue chakula cha waliokimbia vita mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 waliiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na tangu hapo njia ya kusini kupitia Ziwa Tanganyika imekuwa ikiulizwa mara nyingi zaidi. Ni njia nzuri. Ila jambo moja lazima likae kichwani: kinachoweza kurekebishwa kirekebishwe upande huu wa ziwa. Ukifika Kalemie, bandari ya upande wa Kongo, na mahindi mabichi, yenye fukusi, au yenye hati zisizolingana, kila marekebisho yatakugharimu muda na pesa ambazo hazimo kwenye bajeti.

Hatua ya 1: Hesabu ya mahitaji

Mgawo uliozoeleka kwa mtu mmoja kwa siku ni nafaka gramu 400, mikunde 60, mafuta 25 na chumvi 5. Kwa watu 10,000 kwa siku 30 inakuwa nafaka tani 120, maharage 18, mafuta 7.5 na chumvi 1.5.

Uliza mapema kama huko chakula kinakokwenda kuna mashine za kusaga. Zikiwepo, peleka mahindi yasiyosagwa pamoja na hela ya kusagia. Wengi hupenda sembe kwa sababu mlaji anaipika siku hiyohiyo, lakini sembe ikipigwa na unyevu wa boti inaganda mabonge, na dona haikai muda mrefu. Kama ni lazima iwe sembe, kumbuka kwamba mashine ikitoa asilimia 75, tani 120 za unga zinahitaji tani 160 za mahindi. Pumba ni mali. Andika kwenye mkataba ni ya nani.

Hatua ya 2: Kununua

Msimu wetu ni mmoja. Mavuno ni Mei hadi Agosti na bei huwa chini wakati huo. Kuanzia Januari inapanda. Anayesubiri fedha za mfadhili hadi Februari atanunua kwa bei ya njaa, kwa hiyo piga kelele ofisini mapema.

Gawa zabuni katika mafungu ya tani 30 hadi 60 na uwape wauzaji wawili au watatu. Muuzaji mmoja wa tani zote 120 ni hatari hata akiwa mwaminifu: akikwama, umekwama naye. Vyama vya ushirika vya wakulima vinafaa sana kwa maharage, hasa ya njano yanayolimwa kuzunguka Uyole na Mbozi, mradi ulipe haraka. Ukichelewesha malipo wiki tatu, mkulima anampa dalali mzigo wako, na huwezi kumlaumu.

Bei iwe kwa kilo halisi bila uzito wa mfuko. Lumbesa isiingie kabisa getini: inavunja sheria ya vipimo, na inakuharibia hesabu kabla hujaanza. Mkataba useme pia kwamba mzigo ukikataliwa, gharama za kuushusha na kuurudisha ni za muuzaji. Bila sentensi hiyo utabembelezwa getini hadi saa moja usiku.

Hatua ya 3: Kupokea ghalani

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu (sumu ya ukungu) jumla isiyozidi ppb 10 (sehemu kwa bilioni), na aina ya B1 isiyozidi 5. Mahindi ya Juni yanayoteremka kutoka milima ya Njombe hukutwa na 16, 17, hata 18. Usikubali maneno ya "yatakaukia njiani".

Piga hesabu mwenyewe uone. Tani 28 zikipokelewa kwa 14.5 halafu zikakaukia hadi 13.5, zinapotea kilo 324. Hiyo ni zaidi ya mifuko sita ya kilo 50 ambayo hakuna mtu aliyeiiba, lakini mpokeaji ataiandika kama upungufu na jina lako litakuwa kwenye barua.

Choma bambo (chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli) juu, katikati na chini ya gunia, na kwenye magunia ya katikati ya lori, siyo yale ya pembeni uliyoonyeshwa. Kipima unyevu kiwekwe kwenye alama ya mahindi. Kikibaki kwenye alama ya maharage kinasoma uongo. Nafaka iliyotoka baridi ya asubuhi iache ipate joto la chumba kwanza. Kijijini kwa mkulima, ambako kipimo hakipo, tia punje kavu na chumvi kavu kwenye chupa na utikise: chumvi ikinata ukutani, unyevu umepita 15. Kung'ata punje ni kipimo cha madalali.

Kwa sumukuvu, kosa kubwa liko kwenye sampuli kuliko maabara. Sumu hukaa kwa mafungu: gunia moja chafu, kumi safi. Kusanya kidogo kidogo kutoka magunia mengi, saga yote, changanya, ndipo ugawe.

Pakia upya kwenye mifuko mipya ya kilo 50 iliyochapwa alama, na agiza mifuko mitupu ya ziada asilimia 2 iende na mzigo kwa ajili ya iliyopasuka.

Hatua ya 4: Kufukiza

Hapa ndipo nyanda za juu zinapowaadhibu watu waliojifunza kazi Dar es Salaam.

Kufukiza ni kuua wadudu kwa gesi chini ya turubai. Dawa ni ileile, vidonge vya fosfini vya gramu 3, na kila kimoja hutoa gramu 1 ya gesi. Kipimo chini ya turubai ni vidonge 2 hadi 3 kwa tani, kwa hiyo steki (mifuko iliyopangwa) ya tani 100 inataka 200 hadi 300. Hiyo ni sehemu rahisi na kila mtu anaijua. Kisichojuliwa ni joto. Siku 7 zilizozoeleka ni za nafaka yenye joto la zaidi ya nyuzi 25. Kati ya 15 na 25 ni siku 10. Chini ya 15 usifukize: gesi inatoka polepole, mdudu amepoa na anapumua kidogo, na yai na buu aliye ndani ya punje anapona. Utafungua turubai, utaona fukusi waliokufa juu, utafurahi, na wiki tatu baadaye Kalemie kwenye joto la ziwa mzigo unatembea kwa fukusi wapya.

Joto linalohesabika ni la ndani ya nafaka. Choma kipimajoto katikati ya mifuko ya katikati na ya chini, alfajiri. Makambako na Mbeya mjini mwezi Juni na Julai ghala la bati linaweza kuonekana la moto saa nane mchana huku mifuko iliyo karibu na sakafu ikiwa baridi kabisa. Ukikuta chini ya 15, una njia mbili. Ya kwanza ni kuhamishia mzigo bondeni Usangu, Igurusi au Chimala, ambako ni chini na joto ni la kutosha. Kuna maghala ya mpunga na umbali kutoka Mbeya ni mdogo. Ya pili ni kufukizia Kasanga, bandari ya upande wetu wa ziwa, njia ambayo siipendi: nafasi ni finyu, boti ikija utabanwa ufungue kabla ya siku, na cheti cha afya ya mimea, ambacho hutolewa baada ya kufukiza, kitakuwa bado hakijatoka.

Turubai liwe la gesi, plastiki nzito isiyo na mshono wa sindano. Turubai la lori halifai hata likiwa jipya. Linavuja kwenye kila tundu la uzi. Steki ikae juu ya chaga, iachwe mita moja kutoka ukutani ili mtu apite na mito ya mchanga (mifuko mirefu ya kulaza ukingo wa turubai). Mito ilaliane ncha kwa ncha, safu mbili kwenye kona. Sakafu yenye ufa izibwe kwanza, maana gesi inapita hapo na turubai lote linakuwa pambo tu. Vidonge vitandazwe kwenye trei chini ya chaga, visirundikwe na visiguse maji.

Usiamini siku peke yake, pima gesi. Unachotafuta ni ppm 200 (sehemu kwa milioni) zilizodumu siku 10, au 300 kwa siku 7. Kipimo cha siku ya tatu kikiwa kizuri na cha siku ya mwisho kikiwa karibu na sifuri, kuna mahali panavuja na kazi irudiwe. Mfukizaji asiye na kifaa cha kupimia gesi asipewe kazi, hata bei yake iwe nusu. Pia awe amesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, la sivyo cheti chake hakitakusaidia mpakani.

Mambo mengine yanayosahaulika: fosfini inakula shaba, kwa hiyo toa mizani za dijitali, kompyuta na chaja ghalani kabla ya kuanza. Ufunguo wa ghala ukae kwa mtu mmoja. Mlinzi asilale kwenye kibaraza cha ghala hilo. Siku ya kufungua, fungua milango pande mbili na usiruhusu vibarua kuingia hadi kipimo kiwe chini ya ppm 0.3. Kwenye baridi baadhi ya vidonge havimaliziki, na majivu yake bado yanatoa gesi. Yasitupwe jalalani wala kufungiwa kwenye ndoo yenye mfuniko.

Na kufukiza lori likiwa safarini kusitajwe kabisa. Dereva na taniboi wanalala kwenye kichwa cha lori hilohilo.

Hatua ya 5: Hati

Mpangilio wa tarehe ni huu: kibali cha kusafirisha mazao nje kutoka Wizara ya Kilimo, cheti cha ufukizaji, kisha cheti cha afya ya mimea, kisha cheti cha asili ya bidhaa. Cheti cha afya ya mimea kikiwa na tarehe ya kabla ya ufukizaji, utarudishwa.

Upande wa Kongo, FERI (fomu ya taarifa za mzigo unaoingia) ya OGEFREM, ofisi ya Kongo inayosimamia mizigo, itolewe kabla mzigo haujaondoka, na msamaha wa kodi uombwe Kinshasa na mpokeaji mwenyewe. Msamaha unakula wiki nyingi, kwa hiyo uanze siku ileile unayotangaza zabuni. Jina la mpokeaji lifanane herufi kwa herufi kwenye kila karatasi. Uzito halisi na uzito pamoja na mifuko viandikwe vyote viwili: mifuko 560 yenye gramu 120 kila mmoja inaongeza kilo 67, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuanzisha mazungumzo marefu. Ankara na orodha ya mzigo viwe na nakala ya Kifaransa.

Stakabadhi ya ushuru wa halmashauri iende na dereva, siyo ibaki ofisini.

Hatua ya 6: Kupakia na barabara

Semi ya ekseli 6 ikibeba tani 28 inapita mizani bila maneno, mradi mzigo umegawanywa sawa. Kwenye mizani ya Mpemba, karibu na Tunduma, hawaangalii jumla tu, wanaangalia kila kundi la ekseli, na mzigo uliosukumwa nyuma hupigwa faini hata kama jumla iko sawa. Tunduma, Sumbawanga, Matai, Kasanga: lami. Karema mkoani Katavi iko karibu zaidi na Kalemie kwa maji. Ulizia hali ya barabara kutoka Mpanda kabla ya kuamua, hasa masika.

Hatua ya 7: Ziwa

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi unavuma kwa nguvu na mawimbi yanakuwa makubwa. Pakia boti jioni ya utulivu, weka chaga na turubai chini ya mifuko, maana maji ya chini ya boti huharibu mifuko mingi kuliko mvua. Nahodha akisema tusubiri, subiri.

Usipeleke yote kwa mkupuo. Februari 2025 maghala ya WFP (Shirika la Chakula Duniani) Bukavu yaliporwa karibu tani 7,000. Peleka kinachogawiwa ndani ya wiki chache, kingine kilale Sumbawanga. Mkataba wa msafirishaji ukataze kubeba askari au abiria, na ukataze kulipa chochote kwenye vizuizi vya watu wenye silaha. Akizuiwa asimame, apige simu, asijadiliane.

Hatua ya 8: Makabidhiano

Hesabu ifanyike pembeni ya boti, karani wawili, mmoja wa kila upande, wakilinganisha kila mifuko 50. Mifuko iliyopasuka ipimwe na kushonwa papo hapo kwa ile mitupu ya ziada. Mpokeaji aandike namba tatu: iliyofika mizima, iliyopasuka, na pungufu. Neno "imepokelewa vizuri" bila namba lisikubaliwe, kwa sababu msafirishaji atalitumia kukataa kulipa upungufu. Sampuli ya kilo moja ya kila fungu, iliyofungwa na kusainiwa na muuzaji Mbeya, itunzwe hadi madai yote yafungwe.