Kitenzi leach: namna ya kukielewa na kukitafsiri bila kuteleza

Mara ya kwanza nilipokutana na kitenzi cha Kiingereza leach kwenye kazi ya tafsiri, niliandika "kuvuja" nikasonga mbele. Andiko lilihusu mabomba ya zamani ya risasi, yaani ile metali iitwayo lead kwa Kiingereza. Mhariri alinirudishia ukurasa na swali moja pembeni: "Bomba limetoboka wapi?" Halikuwa limetoboka popote. Maji yalikuwa yakipita kwenye bomba zima, yakiondoka na risasi kidogo kidogo. Tangu siku hiyo sikigusi kitenzi hiki kabla ya kupitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Tafuta vitu vitatu

Penye leach kuna kimiminika kinachopita, kitu kigumu kinachopitiwa, na kile kinachoyeyuka kikachukuliwa. Mvua, udongo, chumvi. Maji, bomba, risasi. Kimiminika mara nyingi ni maji, ila hata asidi au mafuta yanaweza kufanya kazi hiyo.

Kitu kigumu hubaki pale pale. Kilichokuwa ndani yake ndicho kinachoondoka, tena polepole. Hapo ndipo leach inapoachana na erode. Kwenye mmomonyoko udongo wenyewe husombwa. Kwenye leach udongo umekaa palepale ulipokuwa, ila rutuba imekwenda zake. Na leak, yaani kuvuja, kama nilivyojifunza kwa aibu, inadai tundu au ufa.

Hatua ya 2: Uliza nani anatenda

Hapa ndipo wengi tunapoanguka, kwa sababu Kiingereza hutumia umbo lilelile kwa watendaji tofauti. Tazama:

"Rain leaches calcium from the soil." Mvua ndiyo inayotenda: mvua huondoa kalsiamu udongoni.

"Calcium leaches from the soil." Sasa kalsiamu imekuwa kiima, na mvua haitajwi kabisa: kalsiamu huchujuka kutoka udongoni.

"The soil has been leached." Udongo ndio uliotendwa: udongo umechujwa virutubisho vyake.

Sisi tuna mnyambuliko wa vitenzi, basi tuutumie. Chuja, chujwa, chujuka: kiambishi kimoja kinakuonyesha aliyetenda na aliyetendwa. Ukiandika "kalsiamu inachuja udongo" umegeuza dunia kichwa chini.

Kuna mtego mwingine papo hapo. Kwa Kiingereza unaweza ku-leach chumvi, na unaweza pia ku-leach udongo, na maana ikawa ileile: chumvi imetolewa udongoni. Usifuate yambwa, yaani kile kinachotendwa katika sentensi, kwa upofu. Rudi hatua ya 1 ujiulize kipi kimebaki na kipi kimeondoka.

Hatua ya 3: Soma kihusishi

From na out of zinaonyesha kilipotoka, into kilipoingia, through kilipopitia. Mfano unaojulikana ni wa mji wa Flint, Michigan, nchini Marekani. Mwezi Aprili 2014 mji huo ulibadili chanzo chake cha maji ukaanza kutumia maji ya Mto Flint, bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu. Maandishi mengi kuhusu mkasa huo yana sentensi ya namna hii: "Lead leached from the pipes into the water." Mimi ningeandika: "Risasi ilitoka kwenye mabomba ikaingia katika maji." Vitenzi viwili kwa kimoja, na hakuna ubaya. Kihusishi cha Kiingereza mara nyingi hugeuka kitenzi kwetu.

Hatua ya 4: Sikiliza ladha yake

Majani ya chai ndani ya maji moto yanapitia jambo lilelile kisayansi, lakini Mwingereza akizungumzia kikombe chake hasemi leach; atasema steep au brew. Katika matumizi ya kila siku leach hunuka hasara: mbolea inayopotea, sumu inayopenya, kemikali za plastiki zinazoingia kwenye chakula. Wataalamu ndio wanaoitumia bila lawama. Wachimbaji hunyunyizia lundo la mawe yaliyopondwa mchanganyiko wa sayanidi ili uyeyushe dhahabu na kushuka nayo, na wenye mashamba ya umwagiliaji humwaga maji ya ziada makusudi ili chumvi izame chini ya mizizi. Hapo tafsiri isibebe sauti ya msiba.

Matumizi ya kitamathali nayo yapo. "The colour leached from her face" usiiandike kwa kuchuja. Uso wake ulisawijika, yatosha. Anga ikiwa ndiyo inayopoteza rangi, inafifia.

Hatua ya 5: Kagua tahajia

Leach na leech hutamkwa sawasawa, kwa i ndefu. Leech ni ruba, yule mnyonya damu wa majini, na ndiye anayetumika kwa mtu anayeishi kwa jasho la wenzake: "he leeches off his friends." Sisi tungemwita kupe. Hata wenye lugha yao huandika leach mahali hapo, na programu ya kukagua tahajia inaweza kukaa kimya kwa kuwa maneno yote mawili yapo kwenye kamusi. Kwa hiyo mimi hutafuta herufi hizo katika faili zima, nikasoma kila sentensi kwa macho yangu kabla ya kuituma kazi.