Kabla ya Kununua Pampu Kubwa, Kagua Mabomba ya Pampu Uliyo Nayo

Wakulima wengi wa nyanya, vitunguu na mbogamboga mkoani Iringa na kandokando ya Ziwa Victoria humwagilia kwa pampu za petroli za inchi 2 au 3, na malalamiko yao hufanana: maji yanatoka kidogo na mafuta yanaisha upesi. Dukani hushauriwa kununua injini kubwa zaidi. Kwa maoni yetu ushauri huo hutolewa mapema mno, kwa sababu mara nyingi kasoro imo kwenye mabomba, hasa lile la kunyonyea.

Pampu za aina hii zina impela, yaani gurudumu lenye mapanga, ambayo ikizunguka kwa kasi huyarusha maji kuelekea pembeni na kuacha mgandamizo mdogo katikati yake. Kinachoyapandisha maji kutoka mtoni ni hewa ya nje inayokandamiza uso wa maji, na nguvu ya hewa hiyo ina kikomo. Usawa wa bahari inaweza kuinua maji mita 10 hivi. Iringa mjini, takriban mita 1,600 juu ya bahari, ni kama mita 8.5 tu, kabla ya kuondoa kinachopotea kwa msuguano. Kwa hiyo pampu iwekwe karibu na maji kadiri usalama unavyoruhusu, kimo kutoka uso wa maji hadi pampu kisizidi mita 5. Kuisogeza chini ya ukingo hakumpunguzii mkulima chochote, kwa kuwa pampu iliyoshindwa kunyonya mita 7 huweza kusukuma mita 20 na zaidi bila taabu.

Bomba la kunyonyea liwe fupi, gumu lisilobonyea, na lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Lipande mfululizo kutoka majini hadi kwenye pampu, kwani likiwa na nundu katikati, hewa hukusanyika pale na kuziba njia. Kila kiungo kikazwe kwa klipu na tepu, maana tundu lisilovujisha maji hata tone laweza kuingiza hewa ya kutosha kukata mtiririko. Chujio lizame angalau nusu mita chini ya uso wa maji na lisiguse tope. Mahali penye kina kidogo, chimba shimo. Ukisikia mlio kama wa kokoto ndani ya pampu, ujue mapovu ya mvuke yanapasuka juu ya impela na kuitoboa taratibu. Hapo punguza kasi ya injini au banisha kidogo valvu ya upande wa kutolea. Kamwe usibanishe upande wa kunyonyea.

Upande wa kutolea, gharama iliyojificha ni wembamba wa mpira. Lita 20,000 kwa saa zikipita katika bomba laini la milimita 50 hupoteza takriban mita 16 za kimo, yaani nguvu ambayo ingepandisha maji hayo mita 16 juu, kwa kila mita 100 za urefu. Katika bomba la milimita 75 hupoteza kama mita 2 na robo tu. Mkulima mwenye shamba tambarare lililo mita 200 kutoka mtoni, akitumia mpira mwembamba, analipia mafuta ya kupandisha mlima usiokuwepo. Fedha za injini mpya zingefaa zaidi zikinunua bomba pana.

Mabomba yakisharekebishwa, injini haihitaji kukimbizwa. Kasi ikipunguzwa kwa asilimia 20, maji hupungua kwa kiasi kama hicho, lakini nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu nusu. Kimo cha kusukuma nacho hushuka, hadi asilimia 64 ya kile cha awali, kwa hiyo njia hii haifai penye mwinuko mkali.

Jaza pampu maji kabla ya kuiwasha, kwa kuwa ikizunguka kavu hata kwa dakika chache sili, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje kwenye mhimili wake, huungua.

Ili kujua kama marekebisho yamesaidia, pima kwa pipa la lita 200 kabla na baada, kwa kasi ileile ya injini. Likijaa kwa sekunde 36, unapata lita 20,000 kwa saa. Ikiwa muda haukupungua hata baada ya kurekebisha mabomba, ndipo ufungue pampu uangalie kama impela imelika kwa mchanga au imezibwa na majani.