Baiskeli ya makala (makaa), picha 1,080: namna tulivyotengeneza filamu ya udongo Lubumbashi

Picha ya 412 ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Mtoto wa jirani aliingia kutafuta mpira wake chini ya meza, bega lake likagusa mguu wa meza, na simu tuliyopigia picha ikasogea labda kwa unene wa njiti ya kiberiti. Kwa macho hatukuona kitu. Usiku tulipozichezesha picha zote kwa mfululizo, mji wetu mzima wa maboksi uliruka ghafla, na mzee wetu wa udongo akaendelea kusukuma baiskeli yake kama vile hakuna lililotokea.

Tulikuwa wanafunzi watano, Katuba, mtaa wa Lubumbashi, likizo kubwa ya Julai na Agosti, tukiwa na simu moja yenye kamera nzuri na chumba kimoja tulichoazimwa na mama. Wadogo zangu wa mtaani wameniuliza mara nyingi tulifanyaje, kwa hiyo ninaandika mara moja tu, yaya wenu, yaani mkubwa wenu, nipumzike. Filamu ya picha-kwa-picha ni hivi: unasogeza kikaragosi kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, na picha zikichezeshwa kwa mfululizo kinatembea. Watu hudhani ugumu wake uko katika kusogeza kikaragosi. Kusogeza mtoto yeyote anaweza. Kazi yenyewe ni kuzuia kila kitu kingine kisisogee: meza, simu, mwanga, hata shati lako.

Mjomba mmoja alipita mlangoni akachungulia, akacheka: "Beko nacheza na budongo!", yaani wanacheza na udongo. Mwacheni acheke. Mkongomani mwenzetu Jean-Michel Kibushi alianza kutengeneza filamu za uhuishaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, za vikaragosi zikiwamo. Tukaendelea kucheza na budongo.

Anzeni na hesabu kabla ya hadithi. Sinema ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini sisi tulipiga 12, kila moja ikikaa mara mbili, na jicho likakubali bila ugomvi. Dakika moja ni picha 720. Senario yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika sita, yenye harusi, polisi na mbuzi. Picha 4,320! Siku ikiwa njema tulipiga kama 70 kwa saa, na siku njema zilikuwa chache. Tukafuta harusi, tukafuta polisi. Mbuzi alitetewa sana na mmoja wetu, naye akafutwa. Ikabaki hadithi ya sekunde 90: mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la makala, yaani makaa kama wasemavyo watu wa pwani, anapanda mlima, gunia limetoboka, makala yanaanguka moja moja, na nyuma yake mtoto anaokota. Watu wawili, baiskeli moja, barabara moja. Hiyo ndiyo picha 1,080 ya kichwa cha habari.

Mkishapata hadithi, ichoreni kwa vijumba kwenye karatasi, kila pembe ya kamera na kijumba chake. Zipigeni picha karatasi hizo, ziungeni pamoja na sauti zenu mkisoma, muitazame kama filamu ya karatasi. Sisi tuligundua hapo kwamba hakuna anayejua gunia limetoboka, kwa sababu tundu liko upande usioonekana. Kuligeuza gunia kwenye karatasi kulituchukua dakika mbili. Mezani kungetuchukua siku mbili.

Halafu nendeni mkamtazame mtu halisi. Tulikwenda asubuhi na mapema kando ya barabara ya Kasenga, ambako wasukuma baiskeli za makala huingia mjini, tukamwomba mmoja ruhusa ya kumrekodi kwa simu. Nyumbani tukahesabu. Mahali tambarare hatua moja ilichukua nusu sekunde, maana yake picha sita. Penye mwinuko ilikaribia sekunde nzima, picha kumi au kumi na moja, na kabla ya kila hatua mwili ulilala mbele kwanza, ndipo mguu ukafuata. Kulala kule ndiko kunakompa mtazamaji uzito wa gunia. Gunia letu lilikuwa limejaa pamba ya godoro.

Sasa mifupa ya kikaragosi. Hapa Lubumbashi shaba ni jirani yetu. Tuliomba mabaki ya waya kwa fundi anayesuka upya koili za mota. Siku ya pili goti la mzee likakatika. Shaba ina tabia hiyo: ukiikunja na kuikunjua inakuwa ngumu, kisha inavunjika. Dawa yake wahunzi wanaijua. Iweke waya kwenye mbabula, jiko letu la makala, yenye moto mpaka iive nyekundu, itumbukize majini, inarudi kuwa laini kama mpya. Fanyeni hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu waya za mota zimepakwa vanishi na moshi wake ni mbaya. Sokoteni nyuzi mbili pamoja, na pale penye mfupa wa paja au mkono zungushieni uzi uliopakwa gundi, mkiacha wazi viungo tu. Mkipata waya wa alumini, chukueni huo, unavumilia zaidi. Baiskeli tulimpa mdogo wetu wa miaka kumi na moja aisuke, maana watoto wa mitaa yetu wametengeneza magari ya waya tangu zamani, na ile yake ilizidi yoyote ambayo sisi wakubwa tungeweza.

Nyama ya mwili ilitutesa. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, lakini chini ya taa ulipasuka baada ya saa moja. Mzee akapata makunyanzi ambayo senario haikuyataja. Tukakausha udongo huohuo, tukautwanga, tukauchekecha kwa kitambaa, tukauchanganya na mishumaa iliyoyeyushwa na mafuta ya kupikia kidogo. Mishumaa msiiweke juu ya moto moja kwa moja, itawaka: wekeni sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Ongezeni udongo kidogo kidogo mpaka ushike umbo bila kuganda vidoleni. Ukiwa mgumu, mafuta. Ukiwa laini mno, udongo. Na pawe na vitambaa viwili vya mikono, kimoja kibichi kimoja kikavu, kwa maana vumbi letu jekundu la kiangazi huingia kila mahali, na shati la mzee lilianza filamu likiwa jeupe.

Midomo ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Kiswahili kimetuhurumia: irabu ni tano, a, e, i, o, u, ukiongeza mdomo uliofungwa wa m, b na p unapata midomo sita, basi. Tuliikata kwenye karatasi ngumu, tukaibandika usoni kwa Vaseline na kuibadilisha kwa kibanio. Lakini rekodini sauti kwanza. Mzee anaita "Makala!" kwa silabi tatu, kwenye rekodi kila silabi ilichukua robo sekunde, ambayo ni picha tatu. Kwa hiyo: mdomo uliofungwa picha moja, a picha mbili, a picha tatu nzima kwa sababu k haina umbo lake, kisha a ya mwisho, ambayo ingekuwa tatu lakini tukaivuta iwe nane, maana mwuzaji wa makala hamalizi neno lake haraka.

Turudi kwenye kufunga vitu visisogee. Meza tuliwekea tofali mbili kila mguu. Simu ililazwa kwa ubavu, si wima, ikafungwa kwenye rundo la tofali kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande, na tofali zenyewe zikazungushiwa chaki chini ili tujue zikisogea. Hatukuigusa skrini wakati wa kupiga: simu nyingi hukubali kupiga kwa kitufe cha sauti kilicho kwenye waya wa kusikilizia muziki. Miguu ya mzee ilikuwa na nati mbili za chuma ndani ya viatu, barabara ilikuwa kipande cha bati kilichopakwa rangi, na chini ya bati mmoja wetu alishika sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu. Mzee akisimama kwa mguu mmoja haanguki. Nyuma tuliweka bomba la moshi la kiwanda na kilima cheusi cha masalia ya madini, alama za mji wetu, vimechorwa kwenye boksi. Vilikuwa vidogo sana na karibu sana, lakini kwa kuwa baiskeli ilikuwa kubwa mbele yake, kamera iliamini viko mbali.

Mwanga. Dirisha lifungeni kwa blanketi, msiamini jua hata kidogo, linatembea na mawingu yanapita. Umeme wa mtaa nao hupanda na kushuka, au huondoka kabisa mkiwa katikati ya hatua ya mguu. Sisi tulitumia balbu mbili za LED za volti 12 kwenye betri ya gari, na tatizo likaisha. Mkilazimika kutumia umeme wa ukutani, muda ambao kamera hufungua jicho kwa kila picha uwe 1/50 ya sekunde au mrefu zaidi, kwa sababu taa za umeme wa hezi 50 hupigapiga mara 100 kwa sekunde, na kamera yenye haraka inakamata mapigo hayo kama michirizi. Kisha fungeni kwa mkono kila kitu ambacho simu hupenda kujiamulia: fokasi, kiasi cha mwanga, mizani ya rangi nyeupe. Programu kama Stop Motion Studio ina vifungo hivyo, tena inakuonyesha kivuli cha picha iliyopita juu ya picha unayotaka kupiga, ili ujue umesogeza kiasi gani. Na mashati: aliyevaa jeupe akisimama karibu na meza anamulika uso wa mzee, akienda kula bukari (ugali) uso unakuwa mweusi. Tulikubaliana wote kuvaa rangi nyeusi.

Kazi mgawane namna ambayo mikono miwili tu inagusa kikaragosi, kuanzia pembe ya kamera inapofunguliwa hadi inapofungwa. Mikono ya watu wawili haitembezi mzee mmoja. Sisi tulibadilishana katikati ya mlima, na mzee akabadilika tabia, juu akawa kijana. Wa pili anapiga picha na kuhesabu kwa sauti. Wa tatu ana sumaku. Wa nne ana daftari, na msimdharau: anaandika namba ya picha, nini kimesogea, nini kitafuata, na kabla ya kila picha anasema "mikono!" ili vidole vitoke. Tulikuwa na picha tatu zenye kidole changu. Wa tano analinda mlango. Kazi hiyo tuliibuni baada ya picha ya 412.

Katika kusogeza, kitu kimoja kitawaokoa: hakuna kinachoanza au kusimama ghafla. Mkono unaoinuka uanze kwa milimita mbili, kisha tano, kisha kumi, kisha tano, kisha mbili. Na mkitaka kitu kionekane kimesimama, msiache picha moja igande. Pigeni picha kadhaa za hali ileile, ule mtetemo mdogo wa udongo unakifanya kiwe hai.

Meza ikigongwa, msijaribu kuirudisha mahali pake. Sisi tulijaribu kwa saa mbili, tukitazama kile kivuli, haikurudi. Mahali hapo ndipo mwisho wa pembe ile. Hamisheni kamera, sogezeni karibu na uso au gurudumu, mwendelee kutoka hapo. Mtazamaji atadhani mlipanga. Ndivyo filamu yetu ilivyopata picha ya karibu ya tundu la gunia, na ndiyo wanayoisifu wengi.

Kila jioni nakilini picha kwenye flashi. Zetu zilikuwa kama MB 3 kila moja, jumla kama GB 3, na simu iliyojaa hukataa kupiga bila kuomba radhi.

Sauti tulirekodi saa kumi alfajiri, chini ya blanketi, kabla spika za makanisa hazijaanza. Makala makavu yakigonganishwa hulia kama glasi, kwa hiyo hatukuhitaji kubuni lolote. Mnyororo wa baiskeli ni wa baiskeli ya baba. Montaji, yaani kuunganisha picha na sauti, tulifanya kwa Shotcut, programu ya bure, kwenye kompyuta ya kuazima. La muhimu ni kuiambia kwamba picha zinakwenda 12 kwa sekunde, vinginevyo mzee atakimbia.

Kabla hamjafunga montaji, onyesheni filamu kwa mtu anayeifanya kazi mliyoionyesha. Tulimtafuta yule msukuma baiskeli, akaitazama kwenye simu akiwa amesimama kando ya barabara, mara mbili, bila kusema. Kisha akaonyesha kidole: mzee wetu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayekwenda sokoni. "Mwenye gunia hashiki hivyo," akasema, "mkono mmoja usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti, ndiyo inayosukuma." Tukarudi nyumbani, tukapasha shaba upya, tukakata fimbo kutoka kwenye ufagio, tukapiga tena picha 96.