Mafundo ya kamba ya kujua kabla hujaenda kukempu, iwe Pangani au Amani

Nenda kukempu na watu wowote wa huku Tanga utaona kitu kimoja, mtu anafunga turubai kwa fundo juu ya fundo, manne matano yamerundikana hapo, halafu anaondoka ameridhika kwa sababu linaonekana gumu. Usiku upepo ukija linalegea vilevile, na asubuhi halifunguki mnaanza kutafuta kisu. Kamba imekwenda hivyo. Fundo zuri mi nalipima kwa mambo mawili tu, likiwa na mzigo linashika, mzigo ukitoka linafunguka kwa vidole. Likikosa moja kati ya hayo silihesabu, hata liwe limefungwa kwa nguvu kiasi gani.

Na hayo yanayofaa ni machache sana jamani, wala hayafiki kumi. Ila yajue mpaka mikono iyafanye gizani, maana mara nyingi ndo utayafunga gizani kweli, simu umeibana mdomoni upate mwanga na mvua ishaanza.

Kwanza jua kamba uliyonayo, hapa ndo watu wengi wanaparuka. Kamba ya mkonge kwetu ni kitu cha nyumbani, mkonge uko mkoa huu tangu 1893 alipouleta yule Mjerumani Richard Hindorf, na uzuri wa kamba yake ni kwamba inakwaruza, haitelezi, fundo likikaa limekaa. Lakini mkonge ukiloa unajikaza na kufupika, kwa hiyo ukiona wingu linakuja nenda kalegeze kidogo, la sivyo utakuta vigingi vimeng'oka au turubai limechanika pembeni. Nailoni ni kinyume chake kabisa, ikiloa inanyumbuka, hema ulilolikaza vizuri jioni ikifika saa kumi usiku linakugusa pua. Kule Amani, milimani, mvua na ukungu ni vitu vya kawaida kwa hiyo ukipanda na nailoni lazima ujue fundo la kukazia upya bila kufungua, nalieleza hapo chini. Halafu kuna zile kamba za plastiki za bluu na kijani, ni nyepesi, bei yake nzuri, zinaelea majini, ila zinateleza balaa. Kwa hizo ongeza mzunguko mmoja kwenye kila fundo na uache mkia mrefu kama kiganja kizima.

Tukubaliane maneno ili tusipotezane. Ncha ni ile unayoishika na kuizungusha. Upande mrefu ni kamba iliyobaki, inayoelekea kwenye mzigo.

Fundo la kufungia kwenye mti au nguzo. Zungusha kamba kwenye mti mara mbili kamili, usizungushe mara moja, ile mizunguko miwili ndo inabeba mzigo wote kwa msuguano. Halafu ncha uipitishe juu ya upande mrefu, uizungushe, itokee kwenye uwazi ulioachwa, kaza. Rudia tena hivyo hivyo kuelekea upande uleule. Basi. Raha yake ni kwamba hata kama kamba inavutwa na mzigo sasa hivi bado unaweza kuifunga na kuifungua, ile mizunguko inakusaidia kushika. Ndo naliamini kwa kufungia ngalawa, ila kwa ngalawa acha kamba ndefu, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, ukiifunga fupi maji yakitoka utaikuta inaning'inia.

Kitanzi kisichojikaza, mabaharia wanakiita bolaini. Hiki ndo naomba mjifunze kuliko vyote. Kwenye upande mrefu tengeneza jicho dogo, kamba inayotoka upande wa ncha iwe juu, upande mrefu uwe chini. Sasa ncha iingie kwenye jicho kutokea chini kuja juu, ipite nyuma ya upande mrefu, irudi kushuka kwenye jicho lilelile. Shika ncha pamoja na mguu wa kitanzi ulio karibu nayo, vuta upande mrefu. Watoto nawafundisha hivi, nyoka katoka shimoni, kazunguka mti, karudi shimoni. Ukivuta likayeyuka lote jua jicho uliligeuza, anza upya. Kitanzi hiki hakibani kinachokuwa ndani yake, ndo maana kinafaa kumrushia mtu aliye majini akipitishe chini ya kwapa, na kinafaa kuningʼinizia mfuko wa chakula mbali na nyani. Kukifungua, ile sehemu iliyokumbatia upande mrefu ikunje kwa nyuma, inaachia hapo hapo.

Fundo la kukazia hema. Hili ndo la wale wa nailoni. Kamba ipite kwenye kigingi irudi kwako. Ncha uiviringishe kwenye upande mrefu mara mbili, ndani ya kitanzi, yaani mizunguko ielekee kwenye kigingi. Halafu ruka nje ya kitanzi, upande wa hema, zungusha mara moja kwa mwelekeo uleule, pitisha ncha chini ya mzunguko huo, kaza. Sasa ukilishika kwa mkono linateleza kwenye kamba, unalisogeza kuelekea hema kamba inakaza, ukiliachia linang'ang'ania. Hema likilegea usiku hufungui chochote, unatoa mkono unasogeza unarudi kulala. Kwa kamba ya plastiki mizunguko ya ndani iwe mitatu.

Kwa turubai kubwa linalohitaji kamba ya mgongo iliyonyooka kabisa kati ya miti miwili hilo halitoshi, hapo tumia fundo la wafunga mizigo wa kwenye fuso, wengi mmeliona hamkujua kwamba linawahusu. Funga upande mmoja kwenye mti wa kwanza kwa lile fundo la mizunguko miwili. Ukikaribia mti wa pili, kama mita moja kabla hujaufikia, tengeneza jicho kwenye kamba na upenyeze ndani yake mkunjo wa kamba, na huo mkunjo utoke upande wa ncha, sio upande wa mti wa kwanza, ukikosea hapo tanzi litajifunga lenyewe ukivuta. Ncha ipeleke ikazunguke mti wa pili, irudi ipite kwenye tanzi lako, sasa vuta kurudi kwenye mti. Utashangaa nguvu unayoipata, kamba inalia kama waya. Bana kwa vidole pale kwenye tanzi isirudi, malizia na nusu fundo mbili, ile hatua ya kupitisha ncha na kukaza uliyoirudia kwenye fundo la mti. Usivute kupita kiasi kama turubai lenyewe ni jepesi, litachanika kabla kamba haijalalamika.

Turubai halina matundu? Weka kokoto laini kwenye kona, kunja turubai lilizunguke, funga kamba shingoni mwa lile donge. Linashika kuliko tundu lenyewe na hautoboi kitu.

Kuunganisha kamba mbili, tafadhali msitumie lile fundo la kufungia kifurushi, kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia. Hilo ni la bandeji na mafurushi, kwenye kamba yenye mzigo linapinduka na kuachia bila taarifa, hasa kama moja nene nyingine nyembamba. Tumia la wavuvi wetu, fundo linaloshika macho ya nyavu ndo hilohilo. Kunja kamba nene iwe na umbo la U. Ncha ya kamba nyembamba ipenye kwenye U kutokea chini, izunguke nyuma ya miguu yote miwili, halafu ipite chini ya yenyewe, isiingie tena kwenye U. Kaza. Unene ukitofautiana sana zungusha mara mbili. Ukipata nafasi ya kumwangalia mzee anayetengeneza nyavu ufukweni mwombe akuoneshe polepole, mkono wake utakufundisha kuliko maelezo yangu.

Kwa ufukweni, Ushongo na kwingineko, vigingi havishiki mchangani hata uvigongeleze vipi. Chukua gogo, au mfuko ujaze mchanga, funga kamba katikati kwa mizunguko miwili, chimba shimo refu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, zika gogo limekaa kukingama na kamba, shindilia. Upepo wa kusi ukivuma utalala. Ila hema lenyewe liwe juu ya ule mstari wa mwani na takataka zilizoachwa na maji, na lisiwe chini ya mnazi, nazi ikidondoka haichagui. Mivinje ni bora, kagua tu matawi makavu.

Bembea ya kulalia ifunge kwa fundo lile la kwanza, kamba isinyooshwe kabisa, ikilegea kidogo mzigo kwenye kamba unapungua sana. Funga kimo ambacho ukianguka hauumii. Na haya mafundo na kamba hizi sio za kushukia mwambani wala kwenye mashimo ya mapango ya Amboni, hiyo ni kazi yenye kamba zake na mafunzo yake, na fundo lolote linaipunguzia kamba nguvu.

Mkirudi, ncha za nailoni na plastiki ziyeyusheni kwa kiberiti zisifumuke, za mkonge zifungeni kwa uzi. Kamba iliyoingia baharini isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikaukie kivulini ndo ikunjwe. Mkonge ukiwekwa stoo na unyevu unaoza kwa ndani huku kwa nje unaonekana mzima, kwa hiyo kabla ya safari nyingine ufumue kidogo katikati uangalie nyuzi, zikiwa nyeusi au zinakatika kwa vidole hiyo kamba ibaki kuwa ya kuanikia nguo.