Namna ya Kumpa Mtoto Jina la Dhulkifli na Kulitamka Ipasavyo

Mzazi anayetaka mwanawe wa kiume awe na jina la Kiislamu ambalo halitaitikiwa na watoto watano kwa pamoja anaweza kulifikiria Dhulkifli. Limetajwa mara mbili katika Kurani, Sura ya Al-Anbiyaa aya ya 85 na Sura ya Saad aya ya 48, lakini katika mwambao wetu wenye kuitwa hivyo ni wachache mno kuliko akina Ismaili na Idrisa, ambao wametajwa pamoja naye katika aya hiyo ya kwanza. Malaysia na Indonesia hali ni tofauti kabisa, kwani huko ni jina la kawaida linaloandikwa Zulkifli, na Zulkifli Hasan, mwanasiasa wa Indonesia, aliongoza Baraza la Ushauri la Wananchi la nchi hiyo kuanzia 2014 hadi 2019. Waturuki husema Zülküf.

Kabla ya kuamua, ielewe maana. «Dhu» ni mwenye, na «kifl» hufasiriwa kuwa fungu au dhamana. Ni mzizi uleule wa neno kafili, yaani mdhamini wa mfanyakazi mgeni, ambalo kila aliyefanya kazi Ghuba analijua vizuri, pengine kuliko anavyopenda. Wanazuoni wametofautiana iwapo Dhulkifli alikuwa nabii au mja mwema tu, na wapo wanaosema ndiye Ezekieli.

Kwenye matamshi ndiko kwenye kazi. Jina lina silabi tatu, dhul-ki-fli, na mkazo huangukia «ki». Ulimi uliozoea silabi zinazoishia kwa irabu hupenda kupachika irabu zisizokuwepo, na matokeo yake ni «Dhulukifuli», ambalo ni jina jingine kabisa. Dawa ni maneno matatu ambayo tayari tunayatamka bila shida: chukua «dh» ya dhahabu, ifunge «l» kama unavyoifunga katika almasi, kisha malizia kwa «fl» ya ghafla. Asiyeipata «dh» na aiweke ncha ya ulimi baina ya meno huku kiganja kikiwa kooni. Koo likitetemeka ni «dh», lisipotetemeka ametamka «th» ya thamani. Irabu ya kwanza ni fupi, ingawa Waarabu huandika herufi wau baada ya dhali, kwa sababu huo wau haurefushwi unapofuatwa na «al», ambayo ndiyo «l» iliyo kati ya «dhu» na «kifl». Tena msomaji wa Kurani akisoma «Dhalkifli», usidhani amekosea, maana katika aya zote mbili sarufi ya Kiarabu inadai «dha» badala ya «dhu», na hapohapo ndipo inaposikika ile «i» ya mwisho.

Amueni mapema pia jina la mkato, kwa sababu msipoliamua nyinyi, wenzake wataliamua. Mimi nisingemwita mtoto «Dhulu», kwani kwa Kiswahili neno linalofuata kichwani ni dhuluma. Kwa Kiarabu hayana uhusiano, maana jina huanza kwa dhali na dhulma kwa herufi nyingine, ila tahajia yetu imezichanganya zote katika «dh». «Zulu» nalo litamfuata hadi uzeeni. «Kifli» linatosha, na babu na bibi hulimudu.

Wakati wa kuandikisha, mpelekee karani jina likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, wala usimtajie kwa mdomo tu, kwa kuwa anayesikia «z» ataandika Zulkifli, anayechanganya «l» na «r» ataandika Dhurkifri, na aliyezoea tahajia ya Kiingereza ataanza na «Th». Ukipenda Zulkifli, lichague hilo moja kwa moja, ni tahajia halali yenye wenyewe. Lisiloruhusika ni kuwa na moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye kadi ya kliniki. Cheti kikitoka, kisome herufi kwa herufi ukiwa bado umesimama dirishani.