Begi la Safari: Anza na Tairi, Malizia na Rangi

Begi la matairi haliharibiki lote kwa mpigo. Huanza tairi kung'oka, au mkono wa kuvutia kukwama, au zipu kuachia kwenye kona, huku kitambaa chenyewe kikiwa bado kizima kabisa. Mnunuzi naye sokoni hufanya kinyume: hutazama rangi, huuliza bei, hufungua mifuko ya ndani, akaondoka bila hata kuligeuza begi aone chini. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao begi huharibika, kwa hiyo rangi iko mwisho, na hatutaifikia.

Jambo la kukumbuka kabla ya kuingia dukani ni kwamba mabegi mengi yametengenezwa kwa ajili ya sakafu laini za viwanja vya ndege. La msafiri wa Dodoma hukutana na mengine: changarawe, mchanga wa korongo, buti la basi pale Nzuguni ambamo hulaliwa na gunia la mahindi, keria ya gari la kijijini, bajaji ambamo nusu ya begi inaning'inia nje. Chagua kwa kufikiria kipande kibaya kuliko vyote katika safari yako. Anayepanda SGR kwenda Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka, akichukuliwa na gari mlangoni, anaweza kununua begi ambalo mwalimu wa kijiji cha ndani Kondoa halitamfikisha muhula wa pili.

Tairi

Begi la matairi manne yanayozunguka kila upande linapendeza dukani kwa sababu unalisukuma kwa kidole. Lakini matairi hayo ni madogo, mara nyingi kipenyo cha milimita 45 hadi 50, na yamesimama kwenye vijiguu vilivyotokeza nje ya begi. Likirushwa kwenye buti, kijiguu ndicho kinachopokea pigo. Kwenye changarawe tairi dogo haliruki jiwe, linaligonga. Nguvu yote inaingia kwenye plastiki inayolishika, na hapo ndipo panapopasuka. Tena kwenye sakafu yenye mteremko begi hukimbia lenyewe.

Matairi mawili makubwa, ya milimita 60 hadi 80, yaliyozama nusu ndani ya mwili wa begi, ndiyo yanayofaa barabara zetu. Hayazunguki kona kwa madaha, ila yanapita mahali. Kama safari zako zote ni lami na vigae, chukua manne bila wasiwasi. Kama kuna hata mita 200 za vumbi kila mara, chukua mawili.

Ukishachagua aina, ligeuze begi. Zungusha kila tairi kwa kidole: lenye beringi huendelea kuzunguka kidogo kwa ulaini, lisilo nayo husimama mara moja au hukwaruza. Kisha lisukume tairi kushoto na kulia. Mchezo kidogo ni wa kawaida. Likiyumba mpaka linagusa ukuta wa nyumba yake, ekseli yake haijakaa sawa na tairi litaliwa upande mmoja. Bonyeza mpira kwa ukucha. Plastiki ngumu tupu itapiga kelele na kukatika vipande. Mpira unaobonyea kidogo hunyonya mshtuko.

Swali la maana kuliko yote hapa ni tairi limefungwaje. Fungua zipu ya bitana ndani ya begi, chini kabisa. Ukiona vichwa vya skrubu, fundi yeyote mwenye bisibisi atabadilisha tairi kwa dakika chache. Ukiona riveti, itabidi zitobolewe kwanza ndipo zifungwe bolti. Na kama bitana haina zipu kabisa, fundi atalazimika kuichana, na bei ya kazi itapanda. Begi lenye skrubu na bitana yenye zipu lina thamani kuliko lenye jina kubwa lisilofunguka.

Mkono wa kuvutia

Uvute hadi mwisho, uufunge, kisha utikise. Kuyumba kidogo ni kwa makusudi, maana bomba lililobana mno hukwama linapopinda hata milimita moja. Unachokitafuta ni kama vijino vinavyofunga vinashika pande zote mbili kwa pamoja: bonyeza mkono kwa nguvu kuelekea chini ukiwa umefungwa. Ukishuka upande mmoja, acha begi hapo hapo.

Mabomba ya alumini ni mepesi na hayashiki kutu, ila yale membamba sana hupinda. Ya chuma ni mazito lakini hunyooshwa. Hakuna haja ya kubishana na muuzaji kuhusu madini, kipimo ni mzigo. Mwombe aweke chupa 12 za maji za lita moja na nusu ndani ya begi la inchi 24, ambazo ni kilo 18. Livute hatua ishirini, lipandishe kizingiti, kisha linyanyue kwa mkono mfupi wa juu na ule wa ubavuni. Begi tupu halisemi chochote, na muuzaji anayekataa jaribio hili amekujibu.

Wakati limebeba maji, tazama mishono ya mikono mifupi. Mshono mzuri una kisanduku chenye msalaba ndani yake, na uzi unaingia kwenye kipande cha pili cha kitambaa au plastiki nyuma. Mstari mmoja wa uzi kwenye kitambaa kitupu utafumuka siku utingo atakapolivuta begi kutoka chini ya mengine kwa mkono mmoja, na hivyo ndivyo atakavyolivuta.

Zipu

Geuza kichwa cha zipu, utaona namba nyuma yake. Kwa kukadiria, namba hiyo ni upana wa meno yaliyofungwa kwa milimita. Namba 5 inafaa mfuko wa nje. Zipu kuu ya begi la inchi 24 au 28 iwe namba 8 au 10. Jina la kampuni maarufu lililochongwa kwenye kichwa si ushahidi, kwani kichwa ni kipande cha kubadilishwa. Fungua na kufunga mara kumi, ukipita kona zote, huku ukibana begi kwa goti kana kwamba limejaa.

Meno ya nailoni yaliyojizungusha kama springi yana faida moja: yakiachia, rudisha kichwa nyuma kisha mbele, yatajifunga tena. Hasara yake ni kwamba ncha ya kalamu inaweza kuyatenganisha hata kama vichwa vina kufuli, kisha mwizi akavuta vichwa vile vilivyofungwa pamoja vikarudisha zipu kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kufuli humzuia mdokozi wa haraka tu. Simu, fedha na vyeti visikae kwenye buti. Meno ya plastiki yaliyo moja moja ni magumu zaidi kutenganisha, ila likitoka jino moja zipu nzima inabadilishwa.

Adui wa zipu Dodoma ni vumbi. Chembe zake hukaa kati ya meno na kichwa zikifanya kazi ya msasa, kichwa kinatanuka, na siku moja kinapita juu ya meno bila kuyafunga. Watu hulaumu meno, kumbe tatizo ni kichwa. Kibane kwa plaizi upande wake wa nyuma, pale meno yanapotoka yakiwa yamefungwa, kidogo kidogo, kushoto kisha kulia, ukijaribu kila mara. Ukibana kwa pupa kinapasuka. Kila baada ya safari ya vumbi piga meno kwa mswaki mkavu wa zamani, halafu pitisha mshumaa. Usiweke mafuta ya kula wala ya cherehani: yatateleza leo na kesho yatakusanya vumbi mara mbili.

Na ile zipu ya pili inayoongeza unene wa begi? Iache imefungwa. Ukiifungua uzito unasogea mbele, begi linaanguka kifudifudi, na vipimo vya ndege vinavuka.

Ganda gumu au kitambaa

Mabegi mengi ya ganda gumu yamegawanyika katika plastiki tatu. ABS ndiyo ya bei ya chini. Ni ngumu lakini haipendi kupinda, na joto na jua kali huzidi kuifanya ivunjike, hasa kwenye kona. Polikaboneti hubonyea na kurudi. Polipropilini nayo hubonyea, ni nyepesi, na huwa na uso usiong'aa sana. Lebo ya "ABS/PC" mara nyingi ina maana ya ABS iliyofunikwa na tabaka jembamba la polikaboneti, basi usilipe bei ya polikaboneti kamili. Kipimo cha mkono: bonyeza katikati ya ubavu kwa kiganja. Lirudi lenyewe bila kuacha michirizi myeupe. Michirizi hiyo ndiyo mwanzo wa ufa.

Kwa keria na buti lililojaa, kitambaa kinashinda. Kinakubali kubanwa, hakitelezi chini ya kamba ya mpira, na kikichanika kinashonwa. Ganda likipasuka kuna gundi na matumaini tu. Wauzaji hutaja namba kama 600D au 1680D. Hiyo ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ni uzi mnene, si lazima kitambaa bora: nailoni ni imara kuliko poliesta ya namba ile ile, lakini poliesta huvumilia jua vizuri zaidi. Kwa begi linalopigwa na jua juu ya gari, poliesta ya 600D kwenda juu, iliyosokotwa kwa kubana, inatosha. Likwangue ndani kwa ukucha: tabaka la kuzuia maji likitoka unga sasa, baada ya mwaka utakuta nguo zina maganda.

Vipimo

Inchi 20, 24 na 28 za sokoni mara nyingi hazihesabu matairi, wakati ndege huyahesabu. Nenda na futi kamba. Mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha sentimita 158 kwa jumla ya urefu, upana na kina cha begi la chini, kilo 23, na kilo 7 kwa la mkononi. Soma tiketi yako, kwani hutofautiana, na ndege za mapangaboi zina makabati madogo ya juu. Uzito wa begi tupu unakula humo humo: la kilo 4.5 linakuachia kilo 18.5. Kwa inchi 24, kilo tatu na nusu ni uzito wa haki.

Begi lenye betri ya kuchajia simu lisinunuliwe kama betri haitoki. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo wa chini wa ndege.

Mtumba na shangazi kaja

Begi la mtumba linaweza kuwa ununuzi bora kuliko jipya la bei ile ile, kwa sababu mabomba, zipu na mishono vimeshapita mtihani. Tatizo lake ni matairi. Aina nyingi za mpira wa poliyurethani huoza zikikaa muda mrefu ghalani, hata begi likiwa halijatumika sana. Ukucha ukizama, au mpira ukinata na kumomonyoka, toa gharama ya matairi mapya kwenye bei kabla hujakubali. Nusa pia: harufu ya ukungu iliyoingia kwenye bitana haitoki kwa kuanika.

Shangazi kaja, ule mfuko mkubwa wa nyuzi za plastiki, anadharauliwa bure. Kwa safari ya basi moja kwa moja ni mwepesi, anabeba sana, na hakuna anayemtamani. Udhaifu wake ni mikono na jua, maana nyuzi zake za plastiki huwa unga zikianikwa muda mrefu. Mpeleke kwa fundi akiwa mpya: mkanda wa begi wa upana wa sentimita nne, mita tatu na nusu hadi nne, ushonwe kwa uzi wa nailoni ukianzia mkono mmoja, upite chini ya kitako, utokee upande wa pili na kurudi. Mzigo sasa unabebwa na mkanda, na mfuko unabaki kuwa mfuko.

Hesabu ya bei

Gawanya bei kwa safari, siyo kwa miaka. Tuseme begi la shilingi 60,000 limekufa baada ya safari sita: ni 10,000 kwa safari. La 150,000 lililokwenda safari 30, likabadilishwa matairi kwa 20,000, ni chini ya 6,000. Ila anayesafiri mara moja kwa mwaka hana haja ya hilo la pili. Lile la kwanza litamfaa miaka sita. Seti ya mabegi matatu ni rahisi kwa kila moja, lakini jiulize kama la inchi 28 utalijaza. Likijaa huvuka kilo 23 kwa urahisi, na hakuna utingo anayelinyanyua kwa upendo.

Nyumbani, usilihifadhi juu ya dari chini ya mabati, ambako joto huchosha gundi na plastiki. Lilaze, lifunike shuka dhidi ya vumbi, na lisikae limejazwa vitu vizito.

Ukirudi na mafuta ya alizeti kutoka Singida, dumu lisiingie ndani ya begi hata likiwa jipya. Buti la basi hupata joto, mafuta hutanuka na kusukuma kifuniko. Liache na nafasi ya vidole viwili juu, ukaze kifuniko, ulisimamishe miguuni pako. Mvinyo wa Dodoma unaweza kuingia: chupa katikati ya begi, imeviringishwa kwenye nguo nzito, mbali na matairi na mabomba. Chupa ya mililita 750 ikijaa ina zaidi ya kilo moja, kwa hiyo chupa nne zihesabu kilo tano.