Kuuza fleti Tanga wakati soko limepoa: hatua kwa hatua

Mnunuzi wa fleti Tanga ni mtu adimu. Wengi wenye fedha hapa bado wanapendelea kununua kiwanja Pongwe, Kange au Mwambani na kujenga taratibu kadiri kipato kinavyoruhusu, kuliko kulipa kwa mkupuo mmoja nyumba ya ghorofani Chumbageni au katikati ya mji. Soko linapopoa hata hao wachache hupungua, na muuzaji anaweza kukaa muda mrefu bila kupigiwa simu ya maana, kisha akajitokeza mnunuzi mmoja wa kweli na kuondoka kwa sababu karatasi za nyumba hazikuwa tayari. Nimewasaidia ndugu na majirani kupita njia hii, wa karibuni akiwa shemeji yangu aliyeuza fleti ya vyumba vitatu, na mpangilio ninaoushauri ni huu: karatasi kwanza, bei baadaye, tangazo mwisho. Wauzaji wengi huanza na tangazo.

Hatua ya 1: Soma hati neno kwa neno

Hatua hii ndiyo iliyotuchosha kuliko zote, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda.

Jambo la kwanza la kutazama ni aina ya hati uliyonayo. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Namba 16 ya mwaka 2008, iliruhusu kila fleti ndani ya jengo iwe na hati yake, pamoja na hisa ya mwenye fleti katika maeneo ya pamoja kama vile ngazi, paa na uwanja. Ikiwa unayo hati ya sehemu, kazi yako imepungua nusu. Ikiwa jengo zima bado liko chini ya hati moja, na wewe unashikilia mkataba wa mauziano tu au jina lako limo miongoni mwa wamiliki wa pamoja, basi elewa kwamba mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki hataweza kukusubiri, kwa kuwa benki huhitaji hati inayoweza kuwekwa rehani peke yake. Utabaki na mnunuzi wa fedha taslimu, naye atadai bei ishuke kwa sababu hiyo hiyo.

Kugawa hati kunahitaji ramani ya sehemu iliyoandaliwa na mpimaji aliyesajiliwa, kunahitaji wamiliki wenzako wakubaliane, na kunachukua muda. Ushauri wangu ni kwamba, kama wenzako katika jengo wako tayari na wewe huna haraka ya fedha, fanya mgawanyo kabla ya kuuza, kwa kuwa gharama yake mkigawana ni ndogo kuliko punguzo utakalolazimika kulitoa. Kama mmoja wao yuko nje ya nchi au hasikilizani na wengine, usiahirishe mauzo kwa kumtegemea yeye. Uza kama ilivyo, na umweleze mnunuzi hali halisi siku ya kwanza.

Pili, tazama muda uliobaki. Haki ya kumiliki ardhi mjini hutolewa kwa muda maalumu, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na majengo mengi ya zamani ya Tanga yako kwenye viwanja ambavyo hati zake zilitolewa zamani sana. Hesabu mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha, kisha uandike jibu kwenye karatasi. Muda ukiwa umekaribia kwisha, ombi la kuuongeza liende kwenye ofisi ya ardhi kabla hujazungumza na mnunuzi yeyote.

Tatu, na hapa ndipo siku nyingi hupotea, linganisha majina. Chukua hati, kitambulisho cha Taifa cha NIDA, cheti cha namba ya mlipakodi, cheti cha ndoa na kadi ya benki, uvitandaze mezani na kusoma herufi kwa herufi. Katika pwani yetu tofauti ndogo ni nyingi mno: hati iliyoandikwa miaka ya nyuma inasema Saidi na kitambulisho kinasema Said, hati inasema Athumani na benki inasema Othman, hati ina majina mawili na kitambulisho kina matatu kwa sababu NIDA iliongeza jina la babu. Mwenye jina haoni tatizo lolote, kwa kuwa anajua kuwa wote hao ni yeye. Ofisa anayesajili uhamisho hana namna ya kulijua hilo, na atarudisha faili. Baya zaidi ni kwamba faili hurudi mwishoni kabisa, wakati mnunuzi ameshalipa sehemu ya fedha na ameanza kupata wasiwasi.

Tofauti ya herufi chache kwa kawaida humalizwa kwa kiapo mbele ya wakili, kikieleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Tofauti kubwa zaidi, kama vile mwanamke aliyekuwa akitumia jina la mume wakati wa kununua na sasa anatumia la baba yake, huhitaji hati ya kuthibitisha majina iliyosajiliwa, na hiyo haiandaliwi kwa siku moja. Usimwachie wakili akubahatishie kwamba kiapo kitatosha. Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya mkoa ukiwa na nakala, uulize ni ipi watakayoikubali, na ndipo ulipie. Ukishapata jibu, andaa nakala za kutosha zilizothibitishwa, kwa kuwa TRA, benki na msajili kila mmoja atataka ya kwake. Angalia pia kwamba namba ya kiwanja na ya kitalu kwenye hati ndizo zilizo kwenye ankara ya kodi ya pango la ardhi, kwa sababu nimeona kitalu kimoja kikiandikwa kwa namna mbili.

Nne, omba upekuzi rasmi wa hati yako mwenyewe. Wauzaji hushangaa ninapowaambia hivi, kwa kuwa upekuzi huonekana kuwa kazi ya mnunuzi. Hata hivyo, mkopo uliolipwa zamani unaweza kuwa bado umesajiliwa kama rehani kwa sababu benki haikuwasilisha hati ya kuufuta, au ndugu aliweka zuio wakati wa ugomvi uliokwisha kusahaulika. Ni heri uyagundue wewe.

Ikiwa jina kwenye hati ni la marehemu, simama hapo. Hakuna mrithi anayeweza kuuza, hata kama familia nzima imekubaliana, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi na jina la msimamizi huyo lisajiliwe kwenye hati. Kikao cha ukoo peke yake hakihamishi umiliki.

Hatua ya 2: Ridhaa ya mwenza

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iandikwe, isainiwe mbele ya wakili na iambatanishwe na picha. Mwenye wake zaidi ya mmoja achukue ridhaa ya wote, hata ya yule ambaye hajawahi kulala katika fleti hiyo, kwa sababu mauzo mengi huishia mahakamani kutokana na mke ambaye hakuulizwa. Asiye na ndoa naye aandae kiapo cha kueleza hivyo. Ninawasihi wanaume wanaosoma hapa wasilifanye jambo hili kama utaratibu wa karatasi tu. Mzungumzeni nyumbani kwanza, kwa kuwa mke anayepelekwa kwa wakili bila kuelezwa ana haki ya kukataa kusaini.

Hatua ya 3: Madeni madogo

Lipa kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu, ankara ya maji ya Tanga UWASA na mchango wa ulinzi au usafi wa jengo. Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo hakikisha mita ya fleti yako inajitegemea na haina deni. Tunza stakabadhi zote kwenye jalada moja.

Hatua ya 4: Bei, uthamini na kodi

Bei za Tanga zimejaa matumaini. Tangu upanuzi wa bandari na habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kila mwenye nyumba anaamini kwamba nyumba yake imepanda. Kwa ninavyoona, watu walioletwa na miradi hiyo wamekuwa wapangaji kuliko kuwa wanunuzi, na ndiyo maana kodi za nyumba zinaweza kuchangamka huku mauzo yakiwa yamelala. Usitumie bei za kwenye matangazo kama kipimo, kwa kuwa hizo ni bei za nyumba ambazo bado hazijauzwa. Tafuta watu wawili au watatu waliouza kweli katika mtaa wako, uwaulize kwa heshima walipokea kiasi gani mkononi.

Tumia mthamini aliyesajiliwa, na mweleze mauzo hayo halisi. Taarifa yake inapaswa kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na katika soko lililopoa thamani iliyoidhinishwa inaweza kuwa juu ya bei utakayoipata. Hilo lina madhara kwenye kodi, kwa hiyo zungumza naye mapema.

Kuhusu kodi ya faida ya mauzo, mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Chukua mfano wa fleti iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 68, ikaboreshwa kwa milioni 9, na sasa inauzwa kwa milioni 95. Faida ni milioni 18 na kodi ni milioni 1.8. Mwenye fleti hiyo hiyo asiye na stakabadhi hata moja atalipa milioni 2.85. Zaidi ya hayo, nyumba uliyoimiliki na kuishi humo mwenyewe kwa miaka 3 au zaidi haitozwi kodi hii iwapo faida haizidi milioni 15, maana yake ni kwamba katika mfano wetu stakabadhi nyingine za maboresho za milioni 3 zingeondoa kodi yote. Ndiyo maana ninawasisitizia watu watafute karatasi za fundi wa vigae na za madirisha ya alumini hata kama ni za miaka mingi. Viwango hubadilika kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo thibitisha na ofisi ya TRA kabla ya kupanga hesabu zako.

Hatua ya 5: Matengenezo

Paka rangi nyeupe, badilisha nondo za dirisha zilizoliwa na chumvi ya bahari, ziba uvujaji, na uhakikishe tangi na pampu vinafanya kazi. Usijenge jiko jipya.

Hatua ya 6: Dalali na tangazo

Chagua dalali mmoja na umpe mkataba wa maandishi wenye kiwango cha malipo na muda maalumu, kwa mfano miezi mitatu. Najua wengi huwapa madalali kumi wakiamini nyumba itaonekana zaidi. Kinachotokea ni kwamba kila dalali huongeza cha juu chake, fleti moja huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa bei tano tofauti, na mnunuzi makini huona kuwa kuna udanganyifu. Dalali wa kuaminika ni yule anayekubali kukutanisha muuzaji na mnunuzi ana kwa ana.

Tangaza bei kamili kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na hata bila kanuni hizo, bei ya dola humkimbiza mfanyabiashara wa Ngamiani mwenye fedha zake tayari. Maneno "bei maelewano" yasiyo na tarakimu huleta simu za wadadisi tu. Piga picha asubuhi, madirisha yakiwa wazi, na uoneshe ngazi na maegesho pia. Andika aina ya hati na muda uliobaki, kwani katika soko la sasa hayo yanamvuta mnunuzi kuliko sifa za sebule. Epuka kuanza Januari, watu wanapolipa ada, au katikati ya Ramadhani. Baada ya Idi simu huongezeka, hasa za watu wa Tanga waishio Dar es Salaam waliokuja nyumbani.

Akija mnunuzi asiye raia, mweleze mapema kwamba sheria haimruhusu kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu maalumu, ili msipotezeane muda.

Hatua ya 7: Mkataba, fedha na uhamisho

Kila upande uwe na wakili wake. Mkataba utaje bei halisi, kwa sababu kuandika bei ndogo ili kupunguza kodi ni kosa, na pia humfungia mnunuzi njia ya kudai fedha zake kamili iwapo mambo yataharibika. Fedha zipite benki. Mimi sikubaliani na malipo ya awamu nyingi: malipo ya awali yawe sehemu ndogo, na kiasi kilichobaki kiwekwe kwenye akaunti ya wakili ambaye pande zote zimemkubali, kitolewe baada ya uhamisho kusajiliwa. Mwenyekiti wa mtaa akidai asilimia 10 ya mauzo, mweleze kwa adabu kwamba hakuna sheria inayompa malipo hayo, na kwamba nyumba yenye hati huhamishwa katika ofisi ya ardhi.

Jalada litakalopelekwa huko liwe na fomu za uhamisho, zikiwemo namba 29, 30 na 35, mkataba, hati halisi, taarifa ya uthamini, ridhaa ya mwenza, viapo vya majina, stakabadhi za pango la ardhi na uthibitisho wa TRA kwamba kodi imelipwa au haistahili kulipwa, kwa sababu bila huo msajili hasajili. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 kwa desturi hulipwa na mnunuzi, lakini liandikeni hilo kwenye mkataba. Chukua stakabadhi ya kupokelewa kwa jalada yenye tarehe, na umteue mtu mmoja tu wa kulifuatilia.

Usikabidhi funguo kabla ya usajili, hata kama mnunuzi anataka kuanza kupaka rangi. Siku ya makabidhiano someni mita ya maji pamoja, mwandike uniti za LUKU zilizobaki, msaini nyote wawili, kisha mwende kubadilisha jina la mteja katika ofisi za maji na umeme siku hiyo hiyo.